Njoo Kesho

Miaka thelathini na moja napima mikono ya watu,
bega hadi kifundo, utepe shingoni, kalamu sikioni,
na hakuna aliyeniuliza wangu una nini ndani.
Mpaka Jumanne ile, zahanati ya Magomeni,
Sista Gaudensia akanizungushia kitambaa chake cha kijivu,
akakijaza upepo, kikabana, mkono ukafa ganzi,
kisha hewa ikatoka, fyuuu,
akaandika namba mbili, moja juu ya nyingine
kama zile sehemu zilizonikimbiza shule:
mia sabini na mbili, mia moja na nne.

"Fundi, kichwa kinauma?"
Hakiumi.
"Ndiyo presha hiyo. Mgeni asiyebisha hodi."

Nikapewa vidonge, nikakatazwa chumvi.
Hayo niliyatarajia. Kisha akasema: na upumue.
Nikacheka. Sista, miaka hamsini na sita nimekuwa nikifanya nini?
"Umekuwa ukihema, kama mbwa aliyekimbizwa.
Vuta kwa pua, hesabu nne. Toa polepole, hesabu sita.
Dakika kumi kila siku.
Na vidonge usiviache ukadhani pumzi imevirithi."

Sasa mtu atapumulia wapi Kariakoo?
Mtaa wa Sikukuu, spika ya duka la viatu inaimba bei,
elfu kumi, elfu kumi,
mkokoteni unaomba njia kwa mluzi,
na mama Tumsifu kasimama mlangoni, mikono kiunoni:
magauni kumi na tisa ya harusi ya Jumamosi,
na sijapachika hata mkono mmoja.
Njoo kesho, nikamwambia, kama nilivyomwambia jana.
Damu ikanipanda hadi masikioni, nikaisikia,
cherehani nyingine, ya ndani, inashona bila uzi.

Siku ya kwanza nilishindwa kwenye tatu.
Ya pili nikasinzia, kipara kikagonga meza.
Ya tatu nilihesabu vizuri, ila nilihesabu madeni.
Zamoyoni akachungulia pazia:
"Unasali, au umenuna?"
Najifunza kupumua.
Hakusema kitu, mke wangu. Akaenda zake,
na redio ya ukumbini ikapunguzwa sauti.

Alhamisi, saa nane mchana, umeme ukakatika.
Sindano imezama katikati ya satini,
magauni saba bado, mtaa mzima ukapiga yowe moja.
Zamani ningepiga meza,
ningemlaumu Ngwali, kijana wangu, kana kwamba nguzo ni zake.
Lakini spika nayo ilikufa.
Nikasikia mkasi ukilazwa mezani duka la tatu.
Nikasikia jirani akikohoa, tena kwa adabu.

Nikakunja ngumi, nikakaza, nikaachia.
Mabega, niliyodhani yalizaliwa jirani ya masikio,
yakashuka.
Taya likalegea. Sikujua taya hufanya kazi ya ziada bila malipo.
Vuta, nne.
Toa, sita, kama unavyofumua mshono uliokaza:
ukiuvuta utachana nguo,
unatoa uzi mmoja, unasubiri, unatoa mwingine.

"Bosi, tuwashe jenereta?"
Ngoja, Ngwali. Nimefika nne.

Jumamosi alfajiri mama Tumsifu alibeba magauni yake,
moja likiwa na kwapa pana kidogo. Nililiona. Nililala.

Mwezi umepita. Mkono uleule, kitambaa kilekile, fyuuu.
Mia arobaini na sita, tisini na mbili.
"Bado," akasema Sista, "lakini imelegea."
Akanyoosha mkono kuchukua kadi,
nikaona sare yake imefumuka ubavuni.
Ilete dukani, nikamwambia, nitaishona.
"Nije kesho?"

Neno lile likanijia mdomoni lenyewe, limezoea njia.
Nikavuta pumzi, nikaitoa.
Ijumaa, nikasema,
nikimaanisha Ijumaa.